Dawa za Miti na Mwendo wa Utumbo
Kijitabu kwa wafugaji, waganga wa tiba asili na kaya za Kilwa na pwani ya Lindi

Ndama akianza kuharisha Mavuji au Njinjo, dawa ya kwanza mara nyingi hutoka mtini. Majani ya mpera huchemshwa, magome ya mng'ongo hulowekwa usiku kucha, magome ya mkorosho hutwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Akifunga choo, hutafutwa ukwaju, subiri au mafuta ya mnyonyo. Dawa hizi ni za watu pia. Sufuria iliyomtolea mtoto kikombe cha dawa asubuhi ndiyo hiyohiyo inayomtolea mbuzi chupa jioni. Kijitabu hiki kinaeleza dawa hizo hufanya nini ndani ya utumbo, wataalamu walijuaje, na kwa nini mnyama aliyeacha kuharisha baada ya kunyweshwa dawa anaweza kuwa bado yu hatarini, pengine kuliko alivyokuwa kabla ya kunyweshwa.

Tumewaandikia watu ambao Kilwa imewakutanisha si zamani sana. Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na Wamwera wanaijua misitu ya huku tangu enzi za mababu, lakini wengi wao walifuga kuku na mbuzi wachache, maana mbung'o hawakuwaachia ng'ombe nafasi. Baada ya serikali kuwahamisha wafugaji kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, makundi makubwa ya ng'ombe yaliletwa mikoa ya Lindi na Pwani, na Wasukuma, Wabarabaigi na Wamaasai wakaja na ujuzi wao wa kutibu mifugo. Leo mfugaji akikosa mti aliouzoea humwuliza jirani. Jirani humwonyesha mti anaoutumia kwa wanawe, na kiasi kinakadiriwa kwa macho. Wote wawili wana nia njema, na ujuzi wa kila mmoja ni wa kweli. Kinachokosekana ni kujua mti ule unausukuma utumbo au unautuliza, kwa mnyama yupi, na kwa kiasi gani.

Utumbo na mwendo wake

Utumbo ni mrija wa misuli. Ule mwembamba wa ng'ombe mkubwa unaweza kufika mita 40. Ukuta wake una matabaka mawili ya misuli, moja limeuzunguka mrija, jingine limelala kwa urefu. Misuli ya mzunguko ikibana nyuma ya chakula na ya mbele ikilegea, chakula husogea, kama mkono wa mkamuaji unavyobana juu ya chuchu na kushusha maziwa chini. Mwaka 1899 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walionyesha kwa mbwa kwamba utaratibu huu wa kubana nyuma na kulegea mbele huendelea hata mishipa ya fahamu iletayo habari kutoka nje ya utumbo ikikatwa. Utumbo una mishipa ya fahamu iliyo yake mwenyewe, ukutani humo humo. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameliona hili: matumbo yaliyokwisha kutolewa na kuwekwa kwenye sinia huendelea kujinyonga kwa muda.

Mbali na kusukuma, utumbo hubana hapa na pale bila kukipeleka chakula mbele, ili ukichanganye na majimaji na kukigusisha ukutani kinyonywe. Na zaidi ya mwendo, kuna maji. Kila siku utumbo hutoa maji mengi ndani ya mrija kisha huyanyonya tena. Kuharisha hutokea mwendo unapokuwa wa kasi mno, au maji yanapotolewa mengi kuliko yanayonyonywa, au yote mawili kwa pamoja. Tunaomba msomaji alishike hili vizuri, kwa sababu mengi yanayofuata yamesimama juu yake. Dawa inaweza kupunguza mwendo bila kupunguza maji. Mnyama wa namna hiyo huonekana amekauka mkiani, kumbe maji ya mwili wake yanazidi kumwagikia ndani ya matumbo yasiyosogea.

Ili msuli ubane, kalsiamu sharti iingie ndani ya seli zake. Mishipa ya fahamu huuamsha msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa nyingi za kutuliza tumbo, za viwandani na za mitishamba, hufanya kazi katika mojawapo ya milango hiyo miwili: huzuia kalsiamu isiingie au huzuia asetilikolini isisikike.

Unga wa mkaa na rula

Kipimo kinachotumika mno kujua kama mti unatuliza au unasukuma utumbo hakihitaji mashine ya ajabu. Panya weupe wa maabara hunyimwa chakula tangu jana yake, maji wakiachiwa. Kisha hugawanywa makundi. Kundi moja hupewa maji matupu, jingine hupewa dawa inayojulikana, kama loperamidi au atropini, na yaliyobaki hupewa dawa ya mti kwa vipimo vinavyopanda, kwa mfano miligramu 100, 200 na 400 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Baada ya nusu saa au saa nzima kila panya hunyweshwa tone kubwa la uji mweusi wa mkaa uliosagwa. Mkaa haunyonywi na mwili wala haubadilishi rangi. Dakika 20 au 30 baadaye panya huuawa bila mateso, utumbo wake hutolewa na kunyooshwa taratibu juu ya karatasi, bila kuuvuta, maana ukivutwa vipimo huharibika.

Utumbo mwembamba wa panya mdogo ni sentimita 40 hivi, na ukuta wake ni mwepesi kiasi kwamba weusi wa mkaa huonekana kwa nje. Mtafiti huweka rula pale tumbo linapofunguka kuingia utumboni na kupima hadi mahali weusi ulipokoma. Kwa panya waliopewa maji, mkaa kwa kawaida huwa umevuka nusu ya safari. Kwa panya waliopewa mti wa kutuliza, huwa umekwama karibu. Mti wa kusukuma huufikisha mbali, pengine hadi mwanzo wa utumbo mpana. Kisha hesabu hufanywa kwa asilimia, na kundi hulinganishwa na kundi.

Njia ya pili hutumia kipande cha utumbo wa sungura au wa simbilisi, urefu wa sentimita 2 au 3. Hufungwa uzi huku na huku na kutumbukizwa katika maji yenye chumvichumvi na sukari, joto likiwa nyuzi 37, hewa ikipulizwa ndani. Mjerumani Rudolf Magnus ndiye aliyeonyesha mwaka 1904 kwamba kipande hicho huendelea kuishi nje ya mwili. Cha sungura hubana na kulegea chenyewe, kati ya mara 10 na 20 kwa dakika, kwa saa kadhaa, na kila mbano huchorwa kama wimbi. Mtafiti hudondosha dawa ya mti na kutazama. Mawimbi yakipungua au yakikoma, huimwaga ile dawa, hukiosha kipande kwa maji mapya, na kusubiri. Mawimbi yakirudi, dawa ilikuwa imeutuliza msuli. Yasiporudi, pana shaka kwamba msuli umeuawa, na dawa ya namna hiyo haina haki ya kuitwa tiba ya tumbo. Sisi tunaona hatua hii ya kuosha na kusubiri ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu hakuna jicho la mganga wala la daktari linaloweza kuitofautisha sumu na utulivu kwa kumtazama mbuzi kwa nje.

Majaribio ya wanyama Tanzania yako chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, na hufanywa na watu waliosomea, mahali palipoidhinishwa. Si ya kujaribiwa uani.

Mpera na miti yenye ukakasi

Mpera ndio mti wa tumbo uliochunguzwa vizuri kuliko karibu yote tuliyo nayo huku pwani. Mwaka 2008 John Ojewole na wenzake wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walichapisha matokeo ya majani ya mpera yaliyotolewa dawa kwa maji, yaani karibu na vile bibi anavyoyachemsha nyumbani. Walitumia miligramu 50 hadi 400 kwa kilo. Panya waliopewa kwanza dawa hiyo na kisha mafuta ya mnyonyo waliharisha kidogo kuliko wenzao, mwendo wa utumbo wao ulipungua, na kadiri kipimo kilivyopanda ndivyo athari ilivyoongezeka. Miaka minane kabla yake, watafiti wa Kinshasa walikwisha kupima dawa kadhaa za kienyeji za kuzuia kuharisha juu ya utumbo wa simbilisi, mpera ukiwemo pamoja na mziwaziwa, ule mmea mdogo wenye utomvu mweupe unaoota kando ya njia. Nyingi ziliulegeza msuli uliokuwa umekaza.

Kinachofanya kazi kwenye majani ya mpera, kwa sehemu kubwa, ni kemikali iitwayo kwesetini. Ndani ya jani huwa imefungamana na sukari, na utumboni hufunguliwa ikaanza kuuzuia msuli usipokee kalsiamu. Kwa hiyo chai ya mpera hutuliza msokoto wa tumbo kwa kweli, na wazee waliosema hivyo walisema kweli.

Mng'ongo, mkorosho, mwembe, mzambarau na hata magome ya mkoko hufanya kazi kwa njia nyingine. Ule ukakasi unaoukausha ulimi ukitafuna gome ni tanini, kemikali inayoshikamana na protini. Utumboni hushikamana na ukuta wenyewe na kupunguza maji yanayomwagika. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa Hispania waliitenga tanini ya magome ya mng'ongo na kuonyesha kwa panya kwamba ndiyo inayopunguza kuharisha. Lakini tanini hiyohiyo hushikamana na protini ya chakula ikamkosesha mnyama lishe, na ikizidi sana huumiza ukuta wa utumbo, ini na figo. Mbuzi, kwa kuwa ni mlaji wa vichaka, huvumilia ukakasi kuliko ng'ombe. Chupa iliyomfaa beberu isichukuliwe kuwa itamfaa ndama kwa kuwa tu ndama ni mkubwa zaidi.

Miti inayousukuma utumbo

Mafuta ya mnyonyo yamewaendesha watu na wanyama kwa maelfu ya miaka, lakini namna yanavyofanya kazi ilijulikana sawasawa mwaka 2012 tu, katika taasisi ya Max Planck ya Bad Nauheim, Ujerumani. Utumboni mafuta hayo huvunjwa na kutoa asidi ya risinoleiki, nayo hugusa kipokezi kimoja kwenye msuli kiitwacho EP3. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho walinyweshwa mafuta na hawakuharisha. Katika utafiti huohuo ilionekana kwamba msuli wa mji wa mimba una kipokezi kilekile, nao pia hubana. Mbuzi mwenye mimba, ng'ombe mwenye mimba, na mama mjamzito, wote wasipewe mafuta ya mnyonyo kwa ajili ya choo. Wakunga wa jadi walilijua hili kwa uzoefu, ndiyo maana baadhi yao waliyatumia kuharakisha uchungu, na wengine wakaona hatari yake.

Mbegu za mnyonyo ni jambo jingine kabisa. Zina risini, sumu kali inayobaki kwenye mashudu baada ya mafuta kukamuliwa. Mashudu hayo yasimwagwe mahali mbuzi na kuku wanapofika, na mbegu zisitwangwe na kunyweshwa mnyama kwa kisingizio kwamba mafuta yake ni dawa.

Sanamaki na subiri husukuma kwa njia nyingine. Kama vilivyo, havina nguvu. Bakteria wa utumboni ndio wanaovivunja na kuvigeuza kuwa kemikali inayouamsha utumbo mpana. Kwa binadamu hili huchukua saa 6 hadi 12. Kutokana na hilo huja kosa tunalolisikia mara kwa mara: mtu hunywa asubuhi, adhuhuri haoni kitu, hunywa tena, na usiku tumbo humwendesha hadi analegea. Kwa mnyama ambaye hawezi kusema tumbo limeanza kumsokota, kosa hilo huonekana asubuhi yake, akiwa amelala chini. Ukwaju ni mpole kuliko vyote hivi. Tindikali na chumvi zake hushikilia maji ndani ya kinyesi kikalainika, na kwa choo kigumu cha kawaida ndio wa kuanzia.

Tumbo linapofungwa wakati usiofaa

Mwaka 1885 Robert Koch, tabibu Mjerumani ambaye baadaye alifanya kazi Dar es Salaam, alieleza alivyoshindwa kuwaambukiza simbilisi kipindupindu. Aliwanywesha vijidudu, hawakuugua. Akawapa soda ili kuituliza tindikali ya tumbo, bado wengi hawakuugua. Ndipo alipowadunga afyuni, dawa inayousimamisha utumbo, kisha akawapa vijidudu vilevile. Safari hii waliugua na kufa. Miongo kadhaa baadaye Samuel Formal na wenzake wa taasisi ya Walter Reed, Marekani, walifanya jambo la karibu na hilo kwa vijidudu vya kuhara damu: simbilisi waliofungishwa na kupewa afyuni walikufa kwa maambukizi ambayo wenzao wazima waliyashinda. Na mwaka 1973 ilichapishwa kwamba watu wenye kuhara damu waliopewa dawa ya viwandani ya kusimamisha utumbo walikaa na homa muda mrefu zaidi.

Mwendo wa utumbo, basi, ni ulinzi. Mwili uliovamiwa huvisukuma vijidudu nje kabla havijashika ukuta. Anayeusimamisha mwendo huo kwa mpera mzito au kwa vidonge vya dukani huwafungia adui ndani ya nyumba. Hatusemi mpera usitumike. Tunasema usitumike kuzuia kuharisha kwenye damu, kuharisha kwenye homa, wala kuharisha kwa maji meupe yanayomwagika bila kukoma.

Pwani hii inayajua hayo ya mwisho. Richard Burton na John Speke walipofika Kilwa Februari 1859 waliukuta mji umevamiwa na kipindupindu, watu wakifa kwa wingi. Mgonjwa wa kipindupindu hauawi na kasi ya utumbo wake. Anauawa na maji yanayotoka, kwa kuwa sumu ya vijidudu huufanya ukuta umwage maji bila kukoma, na dawa ya kupunguza mwendo haiugusi mlango huo. Baada ya mafuriko, kama yale ya Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga na barabara ya Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, visima na mito huchafuka. Kila kuharisha kwa siku hizo, kwa mtu au kwa mnyama, kuchukuliwe kuwa ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa mbuzi na kondoo kuna sababu ya ziada. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko kaskazini, na baadaye ikafika mikoa ya kusini. Dalili zake ni homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuharisha. Mfugaji akizuia kuharisha kwa magome, atakuwa ameificha dalili iliyokuwa imwonye yeye na majirani zake, huku virusi vikiendelea kupita zizi kwa zizi. Mbuzi zaidi ya mmoja wakiharisha kwa wakati mmoja, wa kuitwa kwanza ni afisa mifugo wa kata. Watoto wa mbuzi wa kuanzia wiki tatu wanaoharisha damu huwa mara nyingi wana koksidia, na hiyo ina dawa yake.

Ng'ombe na panya ni matumbo mawili tofauti

Mtu akisoma kwamba miligramu 200 kwa kilo zilimfaa panya, asizidishe kwa uzito wa ng'ombe. Panya mdogo huichoma dawa mwilini kwa kasi kubwa. Kwa binadamu, wataalamu hugawa kipimo cha panya kwa takriban 12 kabla hata ya kufikiria kuanza kukijaribu. Kwa ng'ombe kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni tumbo lake la kwanza. Dawa iliyomiminwa mdomoni haifiki utumboni moja kwa moja. Huangukia katika tumbo kubwa linalobeba lita 100 na zaidi za majani yanayochachuka, lenye bakteria wengi ajabu, na huko huweza kupunguzwa nguvu, kuvunjwa, au kuwaua bakteria wale ambao ng'ombe anaishi kwao. Ndama anayenyonya yuko tofauti tena. Akinyonya, mfereji ulio ndani ya tumbo hujifunga na maziwa huruka tumbo kubwa. Akimiminiwa kwa chupa kwa nguvu, mfereji huweza kubaki wazi na dawa ikaenda kusikotakiwa.

Tumbo kubwa nalo lina mwendo wake, na kila mfugaji anaweza kuupima bila kifaa. Simama upande wa kushoto wa ng'ombe, nyuma ya ubavu wa mwisho, chini ya mfupa wa mgongo, pale penye shimo. Kunja ngumi, ikandamize hapo taratibu, utulie. Utahisi tumbo likivimba na kuisukuma ngumi yako, kisha likishuka. Kwa ng'ombe mzima hutokea mara 2 au 3 kila dakika mbili. Hesabu kwa dakika tano kamili. Likiwa kimya, au likitokea mara moja tu, mnyama huyo ana tatizo la mwendo, na dawa yoyote ya kutuliza, mpera na ukakasi vyote, ni marufuku kwake. Pima kabla ya dawa, pima tena baada ya saa mbili, andika.

Tumbo la kushoto likijaa gesi hadi linalia ukiligonga, mnyama hapumui vizuri na muda ni mfupi. Gesi ikiwa imechanganyika na povu, mafuta ya kula ya kawaida huvunja povu: mililita 50 hadi 100 kwa mbuzi, hadi nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, huku afisa mifugo akiitwa. Mafuta haya hayagusi mwendo wa utumbo, na mafuta ya mnyonyo si badala yake.

Mnanaha uangaliwe kwa jicho kali. Una atropini na skopolamini, kemikali za jamii ileile watafiti wanayoitumia kuusimamisha utumbo wa panya. Mnyama aliyeula au aliyenyweshwa hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, na tumbo kubwa hunyamaza.

Kumnywesha mnyama nako kunaua kuliko watu wanavyofikiri. Kichwa kikiinuliwa juu sana na chupa ikamiminwa kwa haraka, dawa huingia mapafuni, na siku chache baadaye mnyama hufa kwa kichomi huku lawama ikiangukia mti. Kichwa kiwe usawa wa mgongo, chupa iwe pembeni mwa mdomo, mimina kidogo, subiri ameze. Akikohoa, acha.

Maji kabla ya mti

Finya ngozi ya shingo ya ndama kwa vidole viwili, iachie. Ikirudi mara moja, maji yapo. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, amekauka, na macho yake pengine yameanza kuzama. Hapo dawa ya kwanza ni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ndama apewe lita 1 hadi 2 kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, mbali na maziwa ya mama yake, wala yasichanganywe pamoja. Mtoto wa mbuzi apewe kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi. Kwa mtoto wa binadamu, paketi za maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki hutolewa zahanati, na chai ya mpera isichukue nafasi yake. Mtoto mchanga anayeharisha apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Kwa waganga: kuufikisha mti maabara

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inamtambua mganga aliyesajiliwa, na kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili wa kuanzia kwake. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili, ambayo chanzo chake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ina idara ya tiba asili. Kwa mifugo, Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mtwara, na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro.

Usipeleke unga peke yake. Unga haumtambulishi mti, na jina analolitumia Mmatumbi kwa mti mmoja Msukuma anaweza kulitumia kwa mwingine. Kata tawi lenye majani na maua, na tunda likiwapo. Lilaze kati ya kurasa za gazeti, ligandamize kwa ubao wenye mawe juu yake, badilisha gazeti kila siku hadi likauke. Pembeni andika kijiji, mahali ulipoukata mti, tarehe, na jina la mti katika kila lugha unayoijua. Ukichukua gome, chukua ukanda mwembamba wima upande mmoja wa shina, usilizungushe shina lote, maana mti uliochunwa pande zote hufa.

Kisha andika unavyoitengeneza, kwa vipimo ambavyo mwingine anaweza kuvirudia: uzito wa majani au gome kwa mizani ya dukani, maji kiasi gani, umechemsha dakika ngapi au umeloweka saa ngapi. Andika unampa nani, uzito wake kwa kukisia, kiasi gani, mara ngapi. Andika pia ni mnyama gani hukumpa na kwa nini, na yupi alikufa baada ya kupewa. Mtafiti atakayepokea tawi lako ataanzia kwenye mistari hiyo kuchagua kipimo cha kwanza cha panya wake.